Geuza mashine usome mgongoni kabla hujalipa

Mkuu, usilipe. Kama umeshalipa, usifungue boksi.

Nimesoma swali lako mara mbili, na mara ya pili ilibidi niweke simu chini, maana ni kama nasoma barua niliyojiandikia mwenyewe miaka minne iliyopita. Unataka kuchomelea nyumbani kwa kujifurahisha: meza na rafu za bomba za mraba, geti moja, halafu "baadaye kidogo" alumini, ile ngazi iliyopasuka na tela lako dogo. Unauliza uchukue mashine ndogo tofauti tofauti au moja inayofanya MIG (waya unajitokeza wenyewe kwenye bunduki), TIG (tochi yenye ncha ya tungsteni, kijiti cha kujazia unakishika mkono wa pili) na vijiti (zile elektrodi za kawaida) kwa pamoja, kama soketi ya ukutani itaibeba, kama waya usiotaka gesi unafaa, na ununue kinyago gani. Na muuzaji ameshakwambia kwamba hiyo moja "inafanya kila kitu, hata alumini, si unaona imeandikwa TIG?"

Hapo kwenye "si unaona imeandikwa TIG" ndipo nilipoanza kutafuta pa kukaa. Maneno hayohayo, neno kwa neno. Nadhani wanafundishwa darasa moja.

Mimi niliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe lilikuwa na picha nzuri. Boksi liliandikwa 5 kubwa nyekundu, yaani kazi tano ndani ya mashine moja. Sikuhesabu. Ningehesabu ningeona kwamba MIG yenye gesi ilikuwa ya kwanza, MIG isiyo na gesi ya pili (mashine ileile, waya mwingine, na kebo mbili zimebadilishana nafasi), vijiti ya tatu, TIG ya nne, na ya tano ni MIG ya alumini, ambayo ukisoma maandishi madogo inataka bunduki maalumu iliyobeba kirola chake cha waya, nayo inauzwa kando. Kwa hesabu za namna hiyo hata nyundo yangu ni vifaa vinne: inapigilia, inang'oa, inavunja, na inazuia mlango usijifunge.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo hela yangu ilipokwenda.

Wiki ya kwanza nilikuwa mfalme. Nikaweka waya wa milimita 0.8, mtungi wa gesi mchanganyiko, nikachomelea bomba za chuma, mshono ukatoka laini. Nikajiona fundi. Nikaamua ngazi ya alumini isisubiri. Nikanunua mtungi wa pili, wa arigoni tupu, tochi ya TIG, paketi ya tungsteni, vijiti vya kujazia vya alumini (4043) na regyuleta nyingine. Kila kitu kilivyoandikwa. Hesabu hivyo vyote juu ya bei ya mashine, utaelewa kwa nini siku hizi nazungumza kwa hasira.

Nikawasha arki, ule mwali wa umeme. Alumini ikafanya nini? Ngozi yake ya juu ikakunjamana. Ndani unaona kabisa kumeyeyuka, kunatikisika, lakini vipande viwili vimegomeana kama mawifi. Nikasogeza kijiti cha kujazia, kikajikunja kikawa gololi, kikaangukia kiatu. Nikaongeza ampea. Kipande kizima kikadondoka mezani kwa mkupuo mmoja, kikaacha tundu na masizi meusi pembeni.

Miezi mitatu, mkuu. Miezi mitatu nililaumu mikono yangu. Nikasugua alumini kwa brashi ya chuma cha pua mpaka ikawa kioo. Nikaifuta kwa asetoni. Nikaongeza gesi, nikapunguza gesi. Nikabadilisha tungsteni nikidhani nimeuziwa feki. Nikanoa ncha hivi, nikanoa vile. Nikawa naangalia video usiku watu wakishona alumini kama wanafuma kitambaa, nikasema basi, wengine tumeumbwa bila kipaji.

Halafu akaja jamaa mmoja wa video, simtaji, mwenye sauti ya mtu anayejua. Akasema mashine ya namna yangu inachomelea alumini vizuri tu, hamisha tochi uiweke upande wa chanya. Kinachoniuma ni kwamba hakudanganya asilimia mia. Tochi ikiwa chanya, arki kweli inabandua ile ngozi ya alumini, niliona kwa macho yangu eneo linang'aa. Alichosahau kusema ni kwamba ukifanya hivyo sehemu kubwa ya joto inarudi kwenye tungsteni. Tungsteni inayeyuka kwenye nyuzi 3,422 za selisiasi, hakuna metali inayoishinda, na mimi niliiyeyusha. Ncha ya milimita 2.4 ikavimba ikawa kichwa cha kiberiti, ikacheza cheza, ikadondoka ndani ya ngazi. Bado iko pale. Ngazi yangu ina kito.

Aliyenitoa gizani ni fundi mzee aliyekuja kuazima grainda. Akakuta nimeinama nalalamika. Hakuangalia mshono, hakuangalia mikono. Aliigeuza mashine, akachutama, akasoma bamba la nyuma, akauliza, "Wimbi liko wapi?"

Nikamuuliza, "Wimbi gani, mzee?"

Akanionyesha. Kwenye bamba, kando ya alama ya TIG, palikuwa na mstari ulionyooka wenye vistari vifupi chini yake. Basi. Hakuna ule mstari wa kupindapinda kama wimbi. Akasema, "Hii ni DC tupu, mwanangu, umeme wa upande mmoja. TIG ya alumini inataka AC, ule unaogeukageuka." Akachukua grainda akaondoka. Mbele yangu hakucheka, nilimsikia akicheka nje.

Sekunde tano. Miezi mitatu yangu ilikuwa imeandikwa mgongoni mwa mashine, na nilikuwa naifuta vumbi kila Jumamosi.

Sababu yenyewe ni hii, na ukiielewa hakuna muuzaji atakayekuchezea tena. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Ila juu yake daima kuna utando wa oksidi, huuoni, hata ukiusugua unarudi, na huo hauyeyuki mpaka uvuke nyuzi 2,000. Kwa hiyo ukitumia DC, tochi upande wa hasi kama inavyotakiwa kwa chuma, unapasha kitu ambacho ndani ni maji na nje ni mfuko. Vipande viwili haviwezi kuungana maana kila kimoja kimo ndani ya mfuko wake. AC inageuka mara nyingi kila sekunde: nusu moja tochi ni chanya, inapasua utando, nusu nyingine tochi ni hasi, joto linaingia kwenye kazi na tungsteni inapumua. Ni hivyo tu. Si kipaji, si brashi, si asetoni, ingawa usafi nao unahitajika. (Kabla bingwa hajaja kuniambia kuna watu wanachomelea alumini kwa DC na gesi ya heliamu: najua. Mimi nazungumza na mtu mwenye ngazi.)

Nikajaribu kuirudisha, ikakataliwa. Muuzaji akasema boksi limefunguliwa. Nikamwambia uliniambia hata alumini. Akasema, "Alumini inafanyika, bosi, ila kwa MIG, ununue ile bunduki yake." Sawa, naichomeka wapi? Tukaitafuta soketi yake kwenye uso wa mashine, tukakuta tundu lipo, limezibwa kwa kifuniko cha plastiki, ndani hamna waya hata mmoja. Inaelekea ganda lilikuwa la mashine kubwa zaidi, wamelitumia na kwa hii. Muuzaji akalitazama lile tundu, nami nikalitazama, tukanyamaza wote wawili kama watu waliofiwa.

Tena huyohuyo ndiye aliyekuwa ameniambia siku ya kwanza kwamba mtungi mmoja unatosha kazi zote. Uongo wa pili. Gesi ya MIG ya chuma ina kaboni dioksidi ndani yake, mara nyingi asilimia 15 mpaka 25. Niliijaribu kwenye TIG ya chuma kabla sijanunua arigoni, na tungsteni ikaliwa papo hapo, ikageuka nyeusi na kuchanua kama mswaki uliochoka. TIG inataka arigoni tupu. Kwa hiyo hiyo mashine "moja" ni mitungi miwili, regyuleta mbili kama hupendi kufungua na kufunga kila saa, tochi, bunduki, na kishikio cha vijiti. Ulichookoa ni nafasi ya boksi moja sakafuni. Na kila unapohama kazi unabadilisha kebo. Nilishawahi kusahau: nikaweka waya usiotaka gesi huku bunduki iko chanya, wakati waya huo kwa kawaida unataka bunduki iwe hasi. Cheche zilitoka kama fataki na mshono ukawa umemwagikamwagika juu tu, haukushika.

Sasa kanuni yangu, na ndiyo pekee niliyonayo: soma bamba. Usisome boksi, usisome kibandiko cha mbele, usimsikilize mtu aliyesimama kando ya mashine na anayelipwa ukinunua. Bamba liko nyuma au chini, la kijivu, lina vijedwali ambavyo wengi tunavipita.

Kwanza tafuta wimbi. Kila kazi ina alama yake na aina ya umeme kando yake. Kama kwenye TIG hakuna wimbi, alumini kwa TIG isahau, hata aape. Zinazokusanya MIG, vijiti na TIG ya AC ndani ya ganda moja zipo, sikatai, lakini si hiyo uliyotuma jina lake, na bei yake haifanani na hiyo hata kidogo.

Kisha tafuta herufi X. Hapo ndipo utaona asilimia, na chini yake ampea. Ile asilimia ni ya dakika kumi. Mashine yangu boksi lilisema 250. Bamba likasema 200 kwa asilimia 20, yaani dakika mbili unachomelea, nane unaitazama. Kwa asilimia 60 ilikuwa 115, na kwa kuchomelea mfululizo 89. Sikatai kwamba kwa mtu wa nyumbani zinatosha: kijiti cha milimita 2.5 hakihitaji zaidi ya 90 hivi, na muda mwingi utakuwa unapima, unakata na unatafuta kibano ulichokiweka sasa hivi. Lakini ile 250 ilitoka wapi? Sikuiona popote kwenye bamba. Mpaka leo naitafuta.

Na hili la soketi yako limo humohumo. Tafuta I1max na I1eff. Ya kwanza ni kiasi mashine inachovuta ikiwa juu kabisa, ya pili ni wastani wake ukihesabu na muda wa kupumzika. Ukikuta 36 na 16, ujue ukiwa juu inavuta 36, na swichi ya usalama ya ampea 16 itavumilia kidogo halafu itaruka, kwa kawaida ukiwa katikati ya mshono mzuri kuliko yote uliyowahi kuufanya. Unaweza hata kumkamata muongo kwa hesabu ya kidole. Kwa vijiti, volti za arki zinahesabiwa 20 kuongeza ampea mara 0.04. Kwa ampea 250 hiyo ni volti 30, ukizidisha unapata wati 7,500, hapo hujaweka kinachopotea ndani ya mashine. Soketi ya volti 230 na ampea 16 inatoa wati 3,680. Umeme hauzuki hewani, mkuu. Mashine inayodai 250 kwenye plagi ya kawaida inakudai uwe mjinga.

Utasema, sawa, nikiachana na alumini je, si moja bado ni nafuu? Kwa kweli kwa chuma ile mashine ilinifaa. MIG yake nzuri, vijiti vyake vizuri, na hata TIG yake kwa chuma cha pua ilitoa mshono wa kupiga picha, ingawa arki yake inawashwa kwa kugusa na gesi unafungulia kwa mkono kwenye tochi, na pedali ya mguu haina. Nisingekuwa na ugomvi nayo. Ugomvi wa pili ulikuja mwaka mmoja baadaye, nikiwa nusu ya geti.

Nilikuwa nimezoea kukata kwa grainda palepale kando yake. Sikujua, na mwongozo ulisema lakini nani anasoma mwongozo, kwamba feni ya inveta (mashine nyepesi za kielektroniki kama hiyo yangu) inavuta hewa na vumbi la chuma linaingia nayo na kulala juu ya bodi. Vumbi la chuma linapitisha umeme. Siku hiyo nikasikia pah, moja tu, kavu. Harufu. Taa ya mbele ikazima. Na hapo ndipo nilipoielewa ile "tano kwa moja" kwa namna nyingine: zilikufa zote tano kwa mkupuo. MIG ikafa, vijiti vikafa, TIG ikafa. Geti limelala kwenye vigogo, nusu limeshikwa kwa vidonge vya kuchomelea vya muda tu, na mke wangu anauliza kwa sauti ya upole kabisa litasimama lini. Sauti ya upole ndiyo mbaya. Nilipeleka kwa mtengenezaji, akasema bodi ni moja kwa kazi zote na hiyo haitengenezeki, inabadilishwa nzima, na bei ya bodi ilikaribia bei ya mashine.

Nikaenda kuazima mashine ya vijiti kwa yule yule mzee wa grainda. Akanipa bila kusema neno. Sijui kama ningependa aseme.

Leo nina mbili. Inveta ndogo ya vijiti, ampea 160 za kweli, nyepesi nabeba kwa mkono mmoja, ambayo ukiiongezea tochi inafanya na TIG ya DC. Na MIG ya mitumba ya transfoma, nzito kama dhambi, ya zamani, ndani yake unaona kila kitu na unakigusa. Moja ikilala, nyingine inamaliza geti. Alumini nampelekea mwenye mashine ya AC, ananitoza, nanyamaza, nalipa. Ngazi aliishona kwa dakika kumi na tano. Aliniuliza kile kidonge kigumu kilichokuwa ndani ni nini. Nikamwambia sijui, nimeinunua hivyo.

Wewe kwa hayo uliyoyaandika, bomba za mraba na geti, anza na inveta ya vijiti peke yake. Chomelea nayo mpaka vijiti vya 6013 (vile vya kawaida vya chuma) vya milimita 2.5 vikuzoee, na vya milimita 2 kwa bomba nyembamba maana hizo zinatoboka ukizitazama vibaya. Baada ya miezi kadhaa utajua mwenyewe kama unataka MIG au ulitaka tu kuona cheche. Ukikuta unachomelea bati nyembamba na bomba kila wiki, nunua MIG, na ukikuta huchomelei, umepoteza kidogo. Kama nafasi yako ni kona ya stoo na huwezi kuweka mbili, na ukaapa kwamba alumini hutaigusa, basi chukua hiyo ya pamoja, lakini grainda itumie mbali nayo, au uifunike na uizime kwanza. Na kila baada ya muda ichomoe kwenye umeme, iache ipoe, uipulize vumbi kwa hewa kavu isiyo na nguvu sana.

Ulisema utalipa kesho. Kesho ukifika, mwambie aitoe kwenye boksi, igeuze, piga picha ya bamba la nyuma uilete hapa kabla hujatoa hela. Akikataa kuitoa kwenye boksi, rudi nyumbani.

Kulikuwa na jambo la kinyago pia naona. Wengine watakujibu, mimi nimeshapandisha presha.